Karibu ya Pili

Mwaka jana nilirudi Ifakara, rafiki yangu, baada ya kukaa mbali kwa muda mrefu. Bajaji ilinishusha mbele ya nyumba ya binamu yangu wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa barazani wamezunguka sinia la wali, na harufu ya mchele mpya, ile harufu ya bonde letu ambayo siwezi kumweleza mtu aliyekulia mjini, ikanipokea kabla ya watu. Binamu akasema, "Karibu chakula." Nikajibu, "Asante, nimekula njiani." Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kisha nikasimama nikingoja. "Haya, pumzika basi," akasema, akaendelea kula. Watoto wake nao wakaendelea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama wanavyolimaliza sinia, na ghafla nikawa mtoto tena, nimesimama kwenye tope la masika huku nimemshika bibi yangu mkono, tukingoja mtu aseme mara ya pili neno ambalo hakulisema.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa kijiji kidogo upande wa Namawala, mahali ambapo mashamba ya mpunga yalikuwa yanashuka polepole hadi yanakutana na bwawa, na bwawa likaendelea hadi macho yanachoka. Masika maji yalipanda, barabara ikawa uji. Kiangazi moshi wa majani ulikaa juu ya bonde siku nzima, na nguo zetu za shule zilinuka moshi hata zikifuliwa. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, sisi watoto tulipanda kwenye madungu, vile vibanda vya miti virefu katikati ya shamba, tukaamia ndege. Tulipiga madebe, tukarusha udongo kwa kombeo, tukaimba matusi ambayo nyumbani yangetupatia viboko. Ndege walikuja kama wingu, wakaenda kama wingu, wakarudi. Jioni koo lilikuwa limekauka na masikio yanaendelea kulia madebe hata kitandani.

Kabla ya mavuno kulikuwa na miezi mibaya. Mpunga ukiwa bado kijani, ghala la mwaka jana limebaki vumbi na kinyesi cha panya, kila nyumba ilijua kupika kidogo na kuonekana imepika kingi. Hapo ndipo ilipotoka adabu ya bibi yangu, aliyenilea. Alikuwa na kanuni nyingi, lakini hii aliirudia kuliko zote: mtu akikukaribisha chakula mara ya kwanza, kataa.

"Mara ya kwanza anakuita kwa sababu mmeonana macho," alikuwa akiniambia huku anapepeta mchele. "Afanyeje, afunike sufuria? Mwache apumue. Kama kipo cha kutosha, atakuita tena. Kama hakipo, umemwondolea aibu. Sasa wewe ukikimbilia kuitwa mara moja, watu watauliza huyu katoka nyumba ya nani."

Basi kijiji kizima kiliishi hivyo. Ungepita njiani wakati wa kula, ungesikia, "Karibu!" "Asante, nimeshiba." "Njoo uonje tu, kambale wa leo huyu." "Aa, nyie kuleni." "Mama, usitutie laana, njoo!" Na mama yule angeacha jembe ukutani, anaguna kana kwamba anaburutwa, ananawa mikono. Wote walijua ana njaa. Wote walijua atakula. Hiyo safari fupi ya kukataa na kuitwa tena ilikuwa tamu kama chakula chenyewe. Hata kuazima chungu ilikuwa hivyo, hata kumsaidia mtu mzigo. Anayesaidiwa alisema, "Usijisumbue," na msaidizi alikuwa ameshaubeba.

Mwalimu wetu wa Kiingereza naye alikuwa mtu wa huko huko kwenye adabu hiyo, mtoto wa wakulima Wakatoliki wa Mahenge. Kijana mrefu, mwembamba, mwenye jozi moja ya viatu vyeusi alivyovipaka rangi kila asubuhi, hata siku ambayo angefika shuleni vimejaa matope. Aliipenda ile lugha kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka ule tulikuwa darasa la sita, na tukafika mahali pa kujifunza kukaribisha, kuomba na kumpa mtu kitu kwa Kiingereza. Alisema kuna namna ya heshima na namna ya kirafiki. Kwa kuwa hatukuona tofauti, alivua viatu vyake akaviweka mbele ya ubao. Aliyeitwa kusema kwa heshima aliingiza miguu humo, akatembea kama bata hadi kwa mwenzake, akasema, "Would you like a cup of tea?" Aliyeitwa kusema kirafiki alibaki pekupeku, akaropoka tu kwamba chai ipo, aje. Tulicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Tatizo lilikuwa kwenye jibu. Kila aliyekaribishwa chai alijibu, "No, thank you." Darasa zima, dawati hadi dawati, tulikataa chai ambayo haikuwepo. Mwalimu akashika kiuno.

"Sikilizeni. Mwingereza ukimwambia no, ameamini. Anaweka birika chini. Chai imekwisha, umebaki na adabu yako."

"Hata akiona una kiu, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Hata ulimi ukining'inia kama wa mbwa."

Sauti ikatoka dawati la nyuma: "Sasa huyo ni mtu au serikali?"

Mwalimu alicheka hadi akafuta macho. Kisha akatufundisha kusema "Yes, please," akatukaririsha tena na tena, na midomo yetu ikaona haya, kama tunatamka neno la chumbani.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu ingawa hakuwa na mtoto bado, alikuwa akikaanga vitumbua uani kwao, nyuma ya shule. Alikuwa na kicheko kilichoanzia tumboni. Tukitoka darasani alituita kwa lile neno la mumewe: "Wudi yu laiki kitumbua?" Mjinga mmoja akajibu, "Yes, please!" Mama Mwalimu akarudisha kitumbua kwenye bakuli. "Ala! Mlafi huyu, kafundishwa na nani?" "Na mwalimu!" "Mwambie mwalimu aje akukaangie." Aliyekataa mara mbili ndiye aliyepewa, tena chenye kingo zilizoungua kidogo, tulizozipenda. Kwa hiyo darasani tulijifunza kukubali, na hatua chache kutoka hapo, kwenye moshi wa mafuta, tulijifunza kukataa. Hatukuona ugumu wowote. Mwalimu mwenyewe alikuwa anakaa pembeni, anakula, anacheka.

Masika yaliyofuata Mama Mwalimu alikuwa na mimba kubwa. Aliacha vitumbua kwa sababu moshi ulimtapisha. Alikaa mlangoni akishona vinguo, na sisi wasichana tulimchotea maji kwa zamu.

Wakati huo huo walikuwepo Mzungu wa Ndege na mkewe. Walikuja na gari la kijani, wakapiga hema kando ya bwawa, wakawa wanahesabu ndege. Ndege wale wale tuliokuwa tunawafukuza kwa madebe. Jirani yetu, mwenye shamba lililoliwa kuliko yote, alisimama juu ya dungu siku walipopita akapiga kelele, "Haya, tumeletewa mtu wa kuhesabu wezi! Akimaliza kuwahesabu awafunge!" Mzungu akampungia mkono kwa furaha.

Walikuwa watu wema. Walisimama kwa mwalimu kila walipopita, maana ndiye aliyeweza kuzungumza nao. Mama Mwalimu aliwakaribisha togwa, na mzungu alipokea papo hapo, mara ya kwanza, akanywa bilauri yote na kuirudisha. Wanawake waliokuwa uani walitazamana. Bibi yangu alimsamehe. "Hana bibi huyo," alisema.

Asubuhi ile nilisikia mayowe kutoka nyumba ya mwalimu kabla sijamaliza kufagia. Uchungu ulikuwa umemshika Mama Mwalimu tangu jana yake. Mkunga wa zahanati alitoka chumbani, akaosha mikono kwenye beseni, hakumtazama mtu. Alimwambia mwalimu kwamba mtoto amekaa vibaya, hawezi kutoka kwa nguvu zake, apelekwe hospitali Ifakara sasa hivi. Trekta la pekee kijijini lilikuwa limezama kwenye matope. Wanaume wakaanza kufunga miti kwenye kitanda cha kamba ili wambebe mabegani. Mvua ilikuwa imekatika, lakini mbingu ilikuwa bado chini, na barabara ilikuwa imejaa madimbwi yanayong'aa kama bati.

Ndipo gari la kijani likatokea.

Sitasahau jinsi watu walivyofunguka nyuso. Mwanamume mmoja aliachia kamba aliyokuwa akiivuta kwa meno, akasema, "Mungu yupo." Gari lilikuwa limejaa masanduku na mahema. Walikuwa wanahama kwenda juu, upande wa Mlimba, na wamesimama kuaga. Mwalimu akawaendea. Alikuwa amevaa viatu vyake, na shati limefungwa vifungo hadi juu. Mzungu akauliza habari. Mwalimu akajibu kwa Kiingereza kwamba habari ni nzuri, asante. Ndiyo, nzuri. Ungesemaje wewe? Hata msibani kwetu habari huwa nzuri kwanza, ndipo ubaya unafuata taratibu, umeshikwa mkono. Akamuuliza mzungu naye habari za safari. Kisha akasema kwamba ni mke wake tu, anaumwa kidogo, tunajiandaa kumpeleka hospitali.

Mzungu alitazama mlango wa nyumba. Mayowe yalikuwa yamekoma wakati huo. Alitazama wanaume na miti yao. Halafu akasema maneno niliyoyajua, kwa sababu yalianza kama yetu yote ya darasani: "Would you like us to take her to Ifakara?"

Bibi akanivuta mkono. "Anasemaje?"

"Anasema, kama mwalimu anapenda, wampeleke Mama Mwalimu Ifakara."

Mwalimu alitabasamu. Nakumbuka tabasamu hilo kuliko chochote. Lilikuwa la mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo. "No, thank you," akasema. Akaongeza kwamba wao wana safari ndefu, gari limejaa, asingependa kuwasumbua.

"Na mwalimu kasemaje?" bibi akauliza.

"Kasema hapana, asante."

"Vizuri," bibi akasema, akajifunga kanga vizuri kiunoni, tayari kwenda kumsaidia mgonjwa kuingia garini. "Sasa atasema tena."

Tukangoja. Kijiji kizima kilingoja. Mzungu akamuuliza mwalimu kama ana hakika. Lakini kuulizwa kama una hakika si kuitwa tena. Kwetu ni kupimwa, kama mtu anayeuliza kama utauweza mzigo, na mwanamume huwa anajibu kwamba ataweza. Mwalimu akajibu hivyo. Mke wa mzungu akasema jambo kwa sauti ya chini akiwa ndani ya gari. Mzungu akampa mwalimu mkono, akamtakia mkewe nafuu, akapanda. Mlango ukafungwa. Hata hapo hatukushtuka. Tulidhani anapanga masanduku. Gari likanguruma, likateleza, likashika njia ya Mlimba.

Mwalimu alibaki pale pale, mkono bado uko kifuani. Kisha akakimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, hakukirudia. Alikimbia akiita kwa Kipogoro, lugha ya kwao, yeye aliyekuwa na Kiingereza chote kile, akapiga kelele za Kipogoro nyuma ya gari la Mzungu hadi lilipopinda kwenye matete na mlio wake ukaisha.

Bibi alikuwa bado ameshika ncha ya kanga yake. "Amesahau kusema tena?" aliniuliza. 

Mwalimu aliporudi, yule mwanamume wa kamba akamuuliza, "Sasa kwa nini umekataa, mwalimu?"

"Sikukataa," mwalimu akasema. "Nilisema asante tu."

Hakuna aliyemlaumu. Kila aliyekuwa pale angesema vile vile, na hilo ndilo lililotufanya tushindwe kutazamana. Wakamtoa Mama Mwalimu, wakamlaza kwenye kitanda, wakamfunika mashuka mawili na turubai. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Alipopita karibu yangu alikuwa anatazama juu, anapumua kwa mdomo. Wanaume waliinua wakaondoka mbio, wanapokezana mabega, mwalimu kati yao akiwa na kiatu kimoja, mpaka naye akakivua.

Kesho yake mchana tulikuwa shambani. Kutoka juu ya dungu niliiona barabara mbali, na nikawaona wanarudi. Watu wanaobeba mgonjwa hukimbia. Hawa walikuwa wanatembea. Niliacha kupiga debe. Madungu mengine nayo yakanyamaza, moja baada ya jingine, na ndege wakashuka kwenye mpunga, wakala, hakuna aliyewafukuza.

Hakufika Ifakara. Mtoto hakuwahi kutoka. Tuliwazika pamoja, katekista akasoma sala huku maji yanajaa kaburini na vijana wanayachota kwa ndoo.

Mwalimu alirudi darasani baada ya matanga. Alikuwa amevaa kandambili. Hakusalimu. Alisimama mbele yetu, akaanza kutuuliza kwa Kiingereza kama tungependa chai. "Yes, please," tukajibu. Kama tungependa kiti. "Yes, please." Maji. Mkate. Mwavuli. Tulijibu kwa pamoja, na kila mara akataka sauti zaidi. Halafu akasimama dirishani, mgongo umetugeukia, akauliza kwa sauti ile ile kama tungependa wampeleke Ifakara.

Tulikuwa watoto, lakini hatukuwa wajinga. Msichana mmoja mbele alianza kulia. Sisi wengine tukajibu. Tulijibu kwa nguvu zetu zote, "Yes, please!", hadi darasa la jirani likanyamaza. Mwalimu akasema, "Kaeni." Tulikuwa tumeshakaa.

Siku ya arobaini gari la kijani lilirudi kutoka Mlimba. Mzungu na mkewe waliona masufuria makubwa, watu wamekaa kwenye mikeka, wakadhani ni sherehe. Mzungu alishuka akicheka, akauliza kama mtoto amezaliwa. Nilikuwa karibu, naosha sahani. Mwalimu alimwambia. Hakupandisha sauti, alimwambia kwa sentensi fupi, zilizonyooka, ambazo hata mimi nilizielewa zote. Mzungu alikaa chini palepale, kwenye vumbi. Mkewe alijifunika uso kwa kofia.

Mama mzazi wa mwalimu, aliyeteremka kutoka Mahenge kwa ajili ya mazishi, akachukua sahani ya wali na maharage akampelekea. Hakuwa anajua huyu ni nani. Aliona mgeni aliyekuja msibani, basi.

"Kula, baba."

Mzungu akatikisa kichwa. "No, thank you," akasema.

"Kula mwanangu, umetoka mbali."

Akatikisa kichwa tena, machozi yanaingia kwenye ndevu. Mama akapiga magoti mbele yake, akaisogeza sahani mpaka ikamgusa goti. "Hata tonge moja. Mgeni hatoki kwangu hivi hivi. Kula, baba, kula." Mzungu akamtazama mwalimu, akamuuliza mama anasema nini.

"Anakukaribisha chakula," mwalimu akamjibu. "Ukikataa, atakukaribisha tena. Na tena. Ndivyo tunavyofanya hapa."

Nilimwona mzungu anaelewa. Sijui kueleza vingine. Alimtazama mwalimu, kisha akatazama mahali gari lake lilipokuwa limesimama siku ile. Mama alikuwa bado amepiga magoti. Akamshika mzungu mkono wa kulia, akauingiza kwenye wali yeye mwenyewe, na yule mtu akala, analia, anatafuna, na wanawake wote mkekani wakamwambia, "Kula, baba, kula."

Hawakuonekana tena bondeni baada ya hapo. Mwalimu aliomba uhamisho, akaenda upande wa mashamba ya miwa, na habari zake zikakatika. Bibi yangu alikufa miaka michache baadaye. Sehemu kubwa ya bwawa sasa ni mashamba na njia za ng'ombe, na zahanati ina simu ya kuita gari la wagonjwa. Wanawake wanafika Ifakara wakiwa hai, wanarudi na vichanga. Sitamani hata siku moja ya zile irudi, nikikumbuka uso ule wa majivu.

Lakini kuna kitu kimoja kilichokwisha, na kwisha kwake kumenipotezea njia. Ni ule muda mfupi uliokuwa kati ya hapana ya kwanza na karibu ya pili. Ulikuwa kama chumba. Ndani yake mwenye njaa alibaki na heshima yake, mwenye sufuria tupu alibaki na ya kwake, na wote wawili walijua mlango uko wapi. Utoto wangu wote niliishi humo, nikidhani hakuna mahali salama zaidi duniani. Kisha asubuhi moja ya masika tuliingia humo kijiji kizima, tukangoja, na mlango haukufunguliwa, na Mama Mwalimu akabaki ndani.